Kungoja Jibu la Sukari Bila Kuvunjika Moyo

(Maongezi yaliyotolewa kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Saboti)



Nawashukuru kwa kuacha kazi ya shamba na kuja. Najua wengine wenu mmeteremka kutoka huko juu karibu na msitu wa Mlima Elgon, na wengine mmepanda matatu kutoka Kitale na upande wa Bungoma. Viongozi wa vikundi walipoulizwa tuzungumze juu ya nini, wengi walisema, "Tuambiwe juu ya ugonjwa wa sukari." Sasa, mimi si daktari. Mambo ya vipimo na dawa yana wenyewe, nami nitayagusa tu pale yanapotusaidia. Kazi yangu ni watu na nyumba zao. Kwa hivyo leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo haliandikwi katika kadi ya hospitali, yaani moyo wa mtu aliyeambiwa, "Huenda una sukari," halafu akaambiwa angoje.

Sikilizeni vizuri. Simsemi yule ambaye amekwisha kujua ana sukari na anameza dawa. Huyo ana mzigo wake, lakini anaujua uzito wake. Nasema juu ya yule wa katikati. Hajaambiwa ni mgonjwa, na hajaambiwa ni mzima. Anarudi nyumbani na namba kwenye karatasi, na usiku halali.

Kwa nini watu wa katikati wamekuwa wengi

Zamani mtu wa kwetu alijua ana sukari akiwa tayari amezidiwa, amebebwa na kulazwa. Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015, ilionekana kwamba karibu watu wazima 88 kati ya kila 100 hapa Kenya walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata siku moja. Kwa hivyo hofu ya kungoja haikuwapo kwa wengi, kwa sababu kipimo chenyewe hakikuwapo.

Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii, hawa mnaowaita CHP, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha na mashine ya kupima sukari kwa tone la damu ya kidole. Hilo ni jambo jema, tena jema sana. Mtu anapimwa akiwa nyumbani kwake, chini ya mparachichi, kabla ya ugonjwa kumla ndani kwa ndani. Lakini ile mashine ndogo inatoa namba tu. Jibu kamili linatafutwa hospitalini. Kati ya namba na jibu kunaweza kupita wiki, hata miezi, na katika siku hizo mtu anaishi peke yake na mawazo yake.

Wacha niwape mfano. Huu si wa mama mmoja. Nimekusanya mambo ya watu wengi nikayaweka katika mtu mmoja. Mama amekunywa chai na mandazi, mhudumu anafika, anampima, mashine inasema 9.8. Anaambiwa aende hospitali asubuhi bila kula. Anaenda, wanatoa damu ya mkono, wanapata 6.6. Daktari anamwambia, "Mama, hii si ya kawaida, lakini haijafika pa kuitwa ugonjwa wa sukari. Tena damu yako ni kidogo. Tutibu hiyo kwanza, halafu urudi tupime tena." Mama anasikia neno moja tu: sukari. Njiani anamkumbuka shangazi yake aliyekatwa mguu. Akifika nyumbani mume anauliza, "Wamesema nini?" Anajibu, "Hakuna kitu." Sasa amebeba mizigo miwili, hofu na siri.

Daktari hakufichi kitu

Jambo la kwanza linalowasumbua watu ni kuona kwamba daktari anajua na anaficha. "Mbona asiseme ndiyo au hapana?" Kwa hivyo tuelewe kwa nini hasemi.

Ukipimwa asubuhi bila kula tangu usiku, namba ikifika 7.0 au zaidi, hapo ndipo madaktari wanapoita ugonjwa wa sukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni mpakani, yaani si kawaida na bado si ugonjwa. Ukipimwa saa yoyote, umekula au hujala, wanaangalia 11.1 kwenda juu. Na hata ukipita mpaka huo, kama huna dalili yoyote, kawaida wanarudia kipimo siku nyingine kabla ya kukuandika. Hawataki kumpa mtu jina la ugonjwa wa maisha kwa kipimo kimoja. Hiyo ni heshima kwako.

Tena sukari hupanda kwa sababu nyingine. Mtu akiwa na homa kali, kidonda kilichooza au ugonjwa mwingine mzito, mwili wenyewe hupandisha sukari, na akipona inaweza kurudi chini. Dawa nyingine pia huipandisha. Hata mkono usionawa unadanganya. Ukitoka kumenya embe au kukata muwa halafu ukachomwa kidole bila kunawa, mashine inapima na sukari ya muwa.

Kuna na kile kipimo kinachoitwa sukari ya miezi mitatu. Kinaangalia sukari iliyoshikana na chembe nyekundu za damu, nazo huishi kama siku 120. Ni kipimo kizuri, na ukienda huhitaji kufunga kula. Lakini sisi wa sehemu hizi tuna malaria, tuna upungufu wa damu, na katika nyumba nyingi za Bungoma na Trans Nzoia kuna ugonjwa wa selimundu. Haya yote yanagusa chembe za damu, na kipimo kinaweza kuonyesha namba isiyo ya kweli, juu au chini. Kwa hivyo daktari akisema "tungoje kidogo", mara nyingi anatafuta ukweli wako.

Njia tatu za kukimbia

Hofu inapenda jibu la haraka kuliko jibu la kweli. Hilo ndilo neno ninalotaka mrudi nalo nyumbani. Mtu akishindwa kuvumilia kutojua, anakimbia, na anakimbia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kujizika mapema. Huyu anajipa jibu baya kabla ya hospitali. Anaacha kupanda, anaacha kulipa mchango wa kikundi, anaanza kugawa vitu vyake. Anaacha kula mpaka anatetemeka, eti kila chakula ni sumu. Akiulizwa anasema, "Mimi tayari ni wa kaburi." Na bado hakuna aliyemwambia ni mgonjwa!

Njia ya pili ni kukataa. "Hiyo mashine ni mbovu. Mimi nalima ekari nzima, nitakuwaje mgonjwa?" Huyu tarehe ya kurudi hospitali inapita, na kadi inakwenda chini ya godoro. Wanaume wengi wako hapa. Anasema ni malaria, anasema ni uchovu, jioni anakwenda penye busaa kusahau. Anachoogopa mara nyingi ni mambo mawili ambayo hayasemi. Anaogopa kuonekana hafai kama mwenye nyumba, na anaogopa habari aliyosikia kwamba sukari inamaliza nguvu za mume. Wazee wangu, niseme wazi. Ni kweli sukari iliyoachwa miaka bila kutunzwa inaweza kuleta shida hiyo. Kwa hivyo ukitaka kulinda ndoa yako, njia ni kwenda kupimwa. Kukimbia kipimo hakulindi chochote.

Njia ya tatu ni kununua jibu. Kuna watu sokoni na kwenye mikutano wanauza uhakika. Mmoja anauza chupa ya mizizi, mwingine anasema umerogwa na shemeji yako, mwingine anakwambia toa sadaka ya imani na utupe dawa. Hawa wana wateja kwa sababu moja tu: hawasemi "sijui". Daktari wa kweli anasema "bado sijui," na mwenye chupa anasema "najua kabisa." Mtu mwenye hofu anakwenda kwa nani? Kwa mwenye chupa. Anauza kuku, anauza debe la mahindi, na baada ya mwezi ile namba iko pale pale, sasa na chuki kati yake na shemeji juu yake.

Sisemi tusiombe. Tuombe sana. Lakini tukumbuke kwamba kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Sala na hospitali haviko vitani.

Yanayopita moyoni

Ni vizuri tuyataje kwa majina, kwa sababu kitu kisicho na jina kinatisha zaidi.

Kuna hofu. Hofu ya mguu, ya macho, ya gharama, ya kuacha watoto wadogo. Kuna hasira: "Kwa nini mimi ambaye sinywi pombe?" Kuna kujilaumu: "Ni ile chai yangu ya vijiko vitano." Hapo niseme kidogo. Ugonjwa wa sukari hauji kwa kulamba sukari tu. Una mambo ya ukoo, ya uzito, ya umri, ya kazi ya mwili, na wengine unawapata bila wao kufanya chochote. Kwa hivyo asije mtu akageuza ugonjwa kuwa dhambi ya kuungamwa.

Kuna na aibu, na katika sehemu zetu aibu hii ina historia. Tunakumbuka miaka ya tisini, jinsi mtu akikonda majirani walivyonong'ona neno moja tu, ukimwi. Mpaka leo mtu akipungua mwili watu wanahesabu mbavu zake kanisani. Sasa sukari nayo inaweza kukondesha. Kwa hivyo huyu mtu wa katikati anaogopa ugonjwa na anaogopa midomo ya watu. Wengine wameacha hata kuja kwenye jumuiya kwa sababu hiyo.

Mambo haya si ya udhaifu wa imani. Ni mambo ya binadamu. Tena yanagusa mwili wenyewe, kwa sababu mtu akiwa na wasiwasi mwingi, mwili hutoa kemikali zinazopandisha sukari. Kutuliza moyo ni sehemu ya matibabu.

Lakini tujue pia mpaka. Mtu akiwa na huzuni nzito kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, halali, hali, hataki kuona watu, hayo si mawazo ya kawaida tena. Apelekwe kwa daktari na aeleze wazi kwamba moyo umeanguka. Na akianza kusema afadhali afe, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe mara moja. Kuna msaada kwa hilo.

Mafiga matatu

Sasa mtaniuliza, "Mwalimu, mtu afanye nini katika hizo wiki za kungoja?" Nawapa zoezi moja ambalo hata kukhu asiyejua kusoma anaweza kulifanya. Mnajua sufuria inakaa juu ya mafiga matatu. Yakiwa mawili inamwagika.

Figa la kwanza: *Ninachojua.* Taja yale tu uliyoambiwa na aliyekupima. "Nilipimwa asubuhi bila kula. Namba ilikuwa 6.6. Damu yangu ni kidogo." Basi. Hapa hapaingii mambo ya shangazi wala ya redio.

Figa la pili: *Nisichojua.* "Sijui kama ni ugonjwa wa sukari. Sijui kama itapanda au itashuka." Sema kwa sauti. Utashangaa. Mtu akitamka "sijui" mbele ya mwenzake anayemwamini, kifua kinalegea kidogo. Kule ndani ilikuwa inajifanya hukumu. Ikitoka nje inaonekana ni swali tu.

Figa la tatu: *Hatua inayofuata na tarehe yake.* Isiwe "nitaangalia". Iwe hivi: "Jumanne ya tarehe fulani narudi kupimwa, nitaenda na dada yangu, nauli iko." Hofu haina tarehe, ndiyo maana inajaa siku zote. Ukiipa tarehe, siku zilizobaki unaweza kupanda mboga.

Usiku mawazo yakirudi, na yatarudi, mtu aguse mafiga yake matatu moja baada ya jingine. Halafu asali, alale. Akiamka saa nane tena, aguse tena. Si uchawi. Ni kuupa moyo mahali pa kukalia.

Na siku ya kwenda hospitali, abebe maswali yakiwa yameandikwa na mtoto wa shule. Hizi namba zina maana gani? Kitu gani kingine kinaweza kuwa kimepandisha sukari yangu? Nitarudi lini? Dalili gani zikitokea nisingoje siku hiyo? Kumuuliza daktari si kumkosea adabu.

Kungoja si kukaa bure

Mtu wa mpakani bado ana nafasi. Wengi hawafiki ng'ambo, na wengine hurudi nyuma kabisa. Huko Marekani ulifanywa uchunguzi mkubwa wa watu wa mpakani, matokeo yakatolewa 2002. Waliosaidiwa kupunguza uzito kidogo na kutembea kwa haraka kama dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata ugonjwa ilipungua kwa asilimia 58. Dakika 150 ni nini kwetu? Ni nusu saa kwa siku, siku tano. Njia ya kwenda sokoni na kurudi, au kazi ya jembe, inatosha kuhesabiwa.

Chakula chetu pia hakina vita na sukari. Mrenda, kunde, sucha, saga, maharagwe, dengu, ni vyakula vyema. Ugali hauachwi, unapunguzwa, mboga ikaongezwa iwe nusu ya sahani. Soda, sukari nguru na chai ya vijiko vitano ndivyo vya kuaga. Na kama nyumba nzima inakula hivyo, hakuna anayetengwa mezani. Mama asipikiwe sufuria yake peke yake kama mgeni.

Faida ya pili ni ya moyo. Mtu wa katikati anaona kama hana kitu mkononi. Akitembea, akipanda mboga, mikono yake inapata kazi, na jibu likija, liwe zuri au baya, hiyo kazi haikupotea.

Wasiopaswa kungoja

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu neno "subira" linaweza kuua. Mtu mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa mara nyingi mno, anayekonda haraka, huyo asingoje tarehe. Aende apimwe upesi. Na akianza kutapika, tumbo likamuuma, akahema kwa kasi, akawa mzito wa usingizi au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Itafutwe gari au boda boda saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

Hasa watoto. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena, anakunywa maji kama ndama, nguo zinamlegea, msikae na kusema ni minyoo au malaria au macho ya watu. Kwa mtoto hali hubadilika kwa siku chache. Mpelekeni siku hiyo, na mkifika mseme kwa mdomo wenu wenyewe, "Tunaomba apimwe sukari."

Na yule ambaye tayari anatumia dawa ya sukari au insulini asiache kwa sababu ya maongezi ya leo wala ya mtu yeyote. Kama ana shaka na jibu alilopewa, aipeleke shaka hiyo kwa daktari, huku dawa ikiendelea.

Kazi ya kikundi

Mnakumbuka habari ya Ayubu. Alipopatwa na mabaya, rafiki zake watatu walikuja, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyesema neno. Hilo ndilo jambo jema walilofanya. Baadaye walifungua midomo, wakaanza kumtafutia makosa, na hapo wakamwongezea kidonda. Vikundi vyetu vichague kufanana na zile siku saba.

Kwa hivyo tusimwambie mtu, "Si nilikuambia uache sukari?" Tusimwambie, "Hata mjomba alianza hivyo hivyo, akafa." Tusimwambie pia, "Usiogope, si kitu," kwa sababu hatujui kama si kitu. Tuulize tu, "Usiku umelala? Tarehe yako ni lini? Nani anakusindikiza?" Maswali matatu. Ukimaliza, saidia kuchota maji, kisha nenda nyumbani.

Pili, siri. Habari ya mtu si mali ya kikundi. Aliyekuambia wewe hakuwaambia thelathini. Mambo ya mwanachama yasitangazwe kwenye kikao bila ruhusa yake, hata kama nia ni kumwombea.

Tatu, fedha. Mara nyingi kinachoitwa kukataa ni kukosa nauli. Nauli ya kwenda Kitale na kurudi, na gharama ya kipimo, inaweza kumfanya mtu apuuze tarehe na kujificha nyuma ya maneno. Mna akiba, mnakopeshana, mnazungusha michango. Tengeni mfuko mdogo wa nauli ya hospitali, ambao mtu anachukua bila kueleza ugonjwa wake mbele ya watu. Na kila mwanachama ajiandikishe SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF. Mkaulize kituo cha karibu ni huduma gani mnapata hapo bila kutoa pesa.

Jambo la kuunganisha chama cha akiba na afya si ndoto. Hapa hapa magharibi mwa Kenya, AMPATH ya Eldoret ilijaribu mpango ambapo watu wenye shida ya sukari na presha walikutana pamoja kikundini, wakapimwa, wakafundishwa, na wengine wakaweka akiba na kukopeshana katika kikao hicho hicho. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Kwa hivyo mtaona kwamba hata madaktari wanatambua nguvu ya kikundi kama hiki chenu.

Jibu likija

Siku moja jibu litakuja. Likiwa "huna", mshukuru Mungu, lakini msitupe viatu vya kutembelea. Uliza utapimwa tena lini.

Likiwa "unayo", lia kama machozi yanakuja. Hiyo ni haki yako. Halafu ujue kwamba kabla ya Januari 1922, siku mvulana wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, alipodungwa insulini kwa mara ya kwanza, mtoto mwenye sukari kali alikuwa hana tumaini. Leo kuna dawa, na watu wanaishi nayo miaka mingi, wanalima, wanasomesha. Ule mguu wa shangazi si lazima uwe mguu wako. Sukari ikitunzwa na miguu ikiangaliwa kila siku, hatari hiyo inapungua sana.

Wengine, hasa vijana wembamba, wataambiwa, "Una sukari, lakini hatuna hakika ni ya aina gani." Msishangae. Mwaka 2025 ilitolewa ripoti ya uchunguzi wa vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini walioandikwa kuwa na aina ya kwanza, na kati ya kila 3 karibu 2 hawakuwa na zile alama za damu zinazotazamiwa. Maana yake hata wataalamu wakubwa wanaendelea kujifunza. Mtu anaweza kutibiwa vizuri wakati maswali mengine bado yako wazi. Maisha yote tumeyaishi hivyo. Tunapanda mwezi wa tatu bila kujua mvua itakuwaje, lakini tunapalilia.

Basi nimalizie hapo, mvua inakuja na wengine mna njia ndefu. Mkiwa na mtu wa katikati katika kikundi chenu, mtembeleeni wiki hii. Mungu awabariki.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chetu, mtu akiambiwa "huenda una sukari", huwa anakimbilia njia gani kati ya zile tatu? Kwa nini?

2. Ni maneno gani tunayoyasema kwa wagonjwa tukidhani tunawafariji, lakini yanawaumiza?

3. Wanaume wa kikundi chetu wanaweza kusaidiwaje waende kupimwa na kurudi tarehe yao ikifika?

4. Mfuko wa nauli ya hospitali tunaweza kuanza na kiasi gani kwa mwezi? Nani atautunza, na siri ya mwenye kuchukua italindwaje?

5. Kila mmoja achague mwenzake mmoja. Fanyeni zoezi la mafiga matatu juu ya jambo lolote mnalongoja sasa, si lazima liwe la ugonjwa. Baadaye mwambiane mlivyosikia moyoni.